Askari Aliyekuja Kunipeleka Kazi ya Reli

Jamani, leo askari wa Mdachi amelala nyumbani kwangu akilia "mama yangu!"

Asubuhi niliinua gunia la uwele, mgongo ukakaza. Mke wangu, Mama Chiku, akanilaza juu ya ngozi ya ng'ombe, akanikanda kwa chumvi ya moto iliyofungwa kitambaani.

Mara askari akaingia. Anakusanya watu wa reli.

"Inuka, mvivu!"

"Afande, siwezi."

Akainama kunivuta. Kah! Mgongo wake nao ukakaza, akabaki vile vile ameinama.

Nilitaka kucheka, ila kucheka kunauma.

Mama Chiku akamlaza kando yangu. "Kunja magoti, baba. Pumua taratibu."

Alipopata nafuu akatoka, nikamsikia akiwaambia wenzake, "Twendeni. Huyu anaumwa kweli."

Nyie mngejizuia kucheka?