Kahawa Mbivu, Kahawa Mbichi

Harufu ya kahawa mbichi ikichemka pamoja na mchaichai haifanani na ile ya kahawa ya kunywa, na mtu asiyekulia Buhaya huwa nashindwa kumweleza. Ni harufu ya majani zaidi kuliko ya kahawa, nzito, yenye uchungu unaokaa kooni. Bibi yangu mzaa baba aliichemsha kwenye chungu cheusi, akaianika juani, kisha akaiweka juu ya moshi wa jikoni mpaka ikakauka na kuwa ngumu. Hiyo ndiyo akamwani, kahawa ya kutafuna, ambayo kwetu mgeni hupewa kabla hajaulizwa kilichomleta. Hutengenezwa kwa kahawa ambayo haijaiva. Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu msimu ninaotaka kuusimulia bibi alichemsha akamwani nyingi kuliko msimu wowote ninaoukumbuka, na sababu ilikuwa mimi.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya vijiji vya ujamaa. Nyumbani kwetu ni upande wa Muleba, kwenye kibanja cha migomba na mibuni kilichomlea baba na baba yake kabla yake. Redio ya jirani ilisema uhuru ni kazi, padri alisema asiyefanya kazi na asile, na baba, aliyewasikiliza wote wawili kwa makini, akaamua kwamba mtoto anayeweza kubeba kikapu anaweza kuchuma kahawa. Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza wa kiume. Kwetu neno hilo lina uzito, maana huyo ndiye anayeachiwa kibanja chenye makaburi ya wazee, na baba humkagua tangu akiwa mdogo kama mtu anavyomkagua ndama kabla ya kuamua kumfuga au kumuuza. Mama alinisukia kikapu changu mwenyewe. Nilikining'iniza begani nikaenda mibunini na mdogo wangu Koku, nikijiona tayari mwenye mji.

Jioni baba alivimwaga vikapu vyetu kwenye mkeka uani. Cha Koku kilikuwa chekundu chote, au hivyo ndivyo walivyosema watu. Changu kilikuwa mchanganyiko wa mbivu na mbichi, na mbichi ndizo zilizozidi. "Si nilikwambia uchume nyekundu, uache za kijani?" baba aliuliza. Nikamjibu kwamba nimechuma nyekundu. Shida yote ilikuwa hapo, kwa sababu sikuwa nadanganya. Mimi niliiona kahawa yote na majani yake kwa rangi moja, kama vitu vilivyolowekwa kwenye maji ya tope, na kwa kuwa kila mtu alisema nyekundu ndizo nzuri, nilidhani nyekundu ni zile nene. Nilikuwa nimechuma nene tupu, kwa bidii kubwa. Siku ya pili ikawa vilevile, na ya tatu baba akakata fimbo. Alisema samaki mkunje angali mbichi, nami nikakunjwa.

Simlaumu sana. Kahawa tuliipeleka kwenye chama cha msingi cha ushirika ikiwa imekaushwa na maganda yake, na huko gunia lilimwagwa mbele za watu wote waliokuwa kwenye foleni. Ile iliyochumwa kabla ya kuiva hukauka ikasinyaa na kupauka, na mkaguzi huijua mara moja. Msimu huo gunia letu lilirudishwa. Baba, ambaye hata nyasi za sakafuni alitaka zitandazwe zikielekea upande mmoja, alilibeba kichwani akipita mbele ya kanisa watu wakitoka misa ya asubuhi, akaitikia salamu zao zote. Alipofika nyumbani hakunipiga. Alimwambia mama, nami nikiwa nyuma ya mlango, kwamba huyu kibanja hakimfai, atamwachia Deo, mdogo wangu aliyekuwa bado anatambaa. "Uvivu huu umetoka Kishanda," alisema. Kishanda ndiko alikozaliwa mama, na baba yake wa huko alijulikana mpaka kwetu kuwa mwanamume aliyezeeka bila kuchuma punje moja ya kahawa. Nililala kwenye majani ya migomba nyuma ya nyumba nikalia, si kwa ajili ya mali, ambayo sikuielewa, bali kwa sababu baba alikuwa amenitoa katika hesabu zake.

Bibi peke yake alisema tuanze na macho. Aliokota kahawa mbichi kutoka kwenye rundo langu, akaitia chunguni, akawa anawaambia watu kwamba mjukuu wake anamchumia ya kutafuna. Kisha akaanza kunitibu. Asubuhi aliniosha uso kwa maji baridi ya chemchemi, mchana akanilisha mapapai, majani ya maboga na maini yakipatikana, na mama, ambaye alikuwa ananyonyesha, akaambiwa anikamulie maziwa machoni. Leo nikimkumbuka daktari bibi nampa alama kwa haki. Uso safi huwafukuza nzi, na nzi ndio waliowaharibia macho watoto wengi wa wakati wetu. Mapapai, maboga na maini yaliwasaidia kweli wale waliokuwa wakipapasa kuta jua likizama. Maziwa jichoni hayakunisaidia kitu, ila mama alicheka kila alipokosea shabaha, na nyumba yetu ilihitaji kicheko. Jirani mmoja alipoleta utomvu wa mti fulani akisema unasafisha jicho, bibi alimfukuza, kwa kuwa alimjua mwanamke aliyetiwa utomvu kama huo akabaki na jicho jeupe. Kwa hilo peke yake bibi anastahili shukrani zangu zote.

Shuleni nako mambo yalichacha. Mwalimu alituletea kalamu za rangi, kitu adimu, tuchore bendera ya Taifa ya kubandika ukutani. Niliipaka yangu kwa uangalifu ulionitoa jasho. Mwalimu akaiinua juu, darasa zima likaangua kicheko, kwa sababu pale panapotakiwa kijani mimi nilikuwa nimepaka kahawia. "Kijani ni ardhi yetu na mazao yake," mwalimu alisema. "Wewe unaona nchi yetu imekauka?" Alikuwa kijana, na mambo ya Taifa hakuyafanyia mzaha, lakini aliniangalia usoni akaona kwamba nami nilishangaa kama wengine. Akamwandikia mama nipelekwe zahanati ya misheni nikapimwe macho.

Tulikwenda kwa miguu, mama na mtoto mgongoni, mimi nimeoga nikapakwa mafuta mpaka magotini. Moyoni nilikuwa na furaha ya ajabu. Nilitaka macho yangu yawe mabovu. Nilitaka mtu mwenye koti jeupe aseme mtoto huyu mgonjwa, ili baba asikie. Mtawa aliyetupokea alinisimamisha mbali na ubao wenye herufi, kubwa juu na ndogo chini, akanifunika jicho moja, kisha la pili. Nilizisoma zote. Zile za mwisho, ambazo mama alidhani ni vumbi, nilizisoma pia, maana nilizoea kusoma na sikuweza kujizuia. Mtawa akacheka, akasema, "Mama, mshukuru Mungu, mtoto wako ana macho ya tai." Njiani kurudi mama nami tulijua maana yake: kama macho ni mazima, basi ni ukaidi. Baba alipopewa habari alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeshinda kesi ambayo angependa kushindwa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na aliyekuja ni babu wa Kishanda, kumwona mwanawe aliyejifungua mwaka ule. Alikuja na lile koti lake la Jumapili. Watu wote waliliita koti la kijani, na watoto walilifuata njiani kwa sababu lilikuwa la kijani cha jani la mgomba. Kwangu mimi lilikuwa koti zuri la kahawia kama lilivyo koti la mzee yeyote, na sikuona cha kufuatwa. Kati ya baba na babu palikuwa na ile heshima ya wakwe, ya kuongea taratibu na kukaa mbali kidogo. Baba alimsalimu kwa heshima ya Kihaya, "kasinge, waitu," akampa kiti, akamletea akamwani kwenye kikapu kidogo chenye kifuniko. Babu akatafuna huku akitazama nje mlangoni. Nje nilikuwa mimi, nimeketi mbele ya mkeka kwa adhabu, nimeamriwa kutenga mbivu na mbichi, Koku akinisahihisha kwa sauti ambayo ingesikika kanisani.

Alitazama mikono yangu kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akatoka, akaketi chini kwenye mkeka kando yangu, na koti lake. Baba alimfuata mbio. Mkwe hawezi kuketi kwenye mavumbi ya uani kwako ukiwa umesimama.

"Waitu, rudi kwenye kiti, tafadhali."

"Subiri, mkwe wangu." Babu akachukua kahawa moja akaniwekea katikati ya kidole gumba na cha shahada. "Bonyeza. Ikoje?"

"Imelegea, babu."

"Na hii?"

"Ngumu. Kama kokoto."

"Ya kwanza iweke huku, ya pili kule. Usiitazame. Tazama pembeni, tazama kuku."

Yeye mwenyewe alifumba macho. Vidole vyake vilikwenda kasi kuliko vya mama, na rundo likakua mbele yake. Koku alilikagua kama mkaguzi wa chama, akainua kichwa, akasema kwa masikitiko kwamba zote ni nyekundu.

Ndipo babu akazungumza na baba, bila kuinua uso. "Mnasema Kishanda hatuchumi kahawa kwa uvivu. Mimi tangu nizaliwe sijaiona tofauti ya mbivu na mbichi. Nilipokuwa kijana nilificha. Nilioa nikiwa nimeficha. Marehemu mke wangu aligundua, akawa ndiye anayechuma, na kubonyeza huku ni yeye aliyenifundisha, ndani, milango imefungwa. Niliona afadhali niitwe mvivu kuliko kuitwa kipofu. Mtoto huyu usimpige tena, mkwe wangu. Hayo macho ni yangu."

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini babu hakungoja kifo. Alijiumbua mwenyewe, mbele ya mkwe, kwa ajili yangu. Mama alisimama mlangoni na mtoto, machozi yakimtoka bila sauti. Baba alitazama mkeka, akatazama rundo, halafu macho yake yakatua kwenye koti.

"Na hilo koti, waitu?"

"Koti lina nini?" babu aliuliza. "Si la kahawia?"

Koku alifungua mdomo, mama akamfinya. Hakuna aliyemwambia, na alizikwa miaka mingi baadaye akiwa nalo, akiamini ni la kahawia. Mimi nilimwamini.

Baba hakuwa mtu wa kuomba radhi. Wanaume wa rika lake hawakufundishwa. Alikwenda ndani akakileta kile kikapu kidogo, akapiga goti, akampa babu akamwani kwa mikono miwili kana kwamba ndiyo kwanza amefika. Kisha akanigeuzia mimi, mtoto, kikapu kilekile, akangoja nichukue. Nilitafuna. Ilikuwa chungu mno, na nilijua imetoka kwenye kahawa niliyopigiwa fimbo. Siku zilizofuata nilichuma polepole, nikibonyeza kila punje, na ilipofika zamu yetu kwenye chama gunia halikurudi. Miaka kadhaa baadaye, asubuhi moja, baba alinichukua tukauzunguka mpaka wa kibanja, akinionyesha mlamula mmoja baada ya mwingine, miti ya mpaka iliyopandwa na babu zake. Hakueleza kwa nini ananionyesha, na hakumwita Deo.

Sasa mwenye kibanja ni mimi, na mwaka jana binti yangu anayeishi Bilele, mjini Bukoba, alinipigia simu akilia. Mwanawe alikuwa amepimwa macho. Siku hizi hawaishii kwenye herufi. Wana kitabu chenye duara za vitone vya rangi, ambamo mwenye macho ya kawaida anaona namba na sisi tunaona vitone. Daktari alimweleza vizuri: mwanamume humpa binti yake tatizo hili bila binti kujua, na binti humpa mwanawe. Haliumi, haliongezeki, na hakuna dawa wala jani linaloliondoa. Kipimo kilikwisha kabla mtoto hajachoka kukaa, wakati sisi kilituchukua msimu mzima, fimbo, na aibu ya mzee mmoja. Nilimwambia binti yangu anyamaze, amlete likizo wakati wa kahawa.

Mtoto alikuja na simu. Unaielekeza kwenye kitu, nayo inataja rangi yake. Tuliijaribu mibunini, penye jua ilisema nyekundu, kivulini mwa migomba ikasema kahawia, mara kijani, mara kahawia tena, na mjukuu wangu akaiona nayo ina ugonjwa wetu. Akaitia mfukoni. Nikamwekea kahawa moja kati ya vidole, nikamwambia abonyeze na atazame kuku. Alijifunza upesi kuliko mimi. Kikapu kilipofika nusu alisimama akaniuliza, "Babu, kwani nyekundu yenyewe ikoje?"

Nilimwambia sijui, sijawahi kuiona. Ila ikiwa mkononi, ni ile iliyolegea.