Almasi Iliyozimika Kidoleni Mwangu

Umewahi kuona jiwe likifa?

Sisemi kuvunjika. Kuvunjika ni jambo la kawaida. Nasema kufa, kama jicho la mgonjwa linavyokufa, mwanga unaondoka kidogo kidogo nawe umekaa unatazama, huna la kufanya.

Mimi nimeona. Lilifia hapa, kidole hiki kinachofuata cha mwisho, mkono wa kulia.

Tulieni basi niwahadithie polepole. Mambo haya ukiyakimbiza yanakosa ladha.

Zama hizo tulikaa Kibokoni, nyumba ya ghorofa, ngazi zake za mawe zimelika katikati kwa miguu ya watu. Gari moshi lilikuwa limeshazoeleka, hata watoto hawakulikimbilia tena. Ngomeni ilikuwa jela. Asubuhi wafungwa wakipita na minyororo yao, na sisi wasichana tuliowekwa ndani tuliwasikia kabla hatujawaona.

Nikaposwa na Akil, karani wa reli kule Kilindini.

Akil nilimjua tangu tukiwa wadogo. Siku moja mwiba uliniingia kisiginoni akautoa kwa meno, kisha akatema akasema mguu wangu una chumvi. Mtu akikwambia maneno kama hayo una miaka minane, humsahau.

Babake alikufa zamani. Alibaki na mamake, Bi Afaf, na yeye ndiye mtoto pekee wa Bi Afaf. Mama huyo hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa na sauti ya chini, na kila mtu akiinama kumsikiliza. Kumbe ndiyo namna yake ya kukuinamisha.

Alikuja na wanawake wa kwao, akanivisha pete mwenyewe.

Almasi.

Wakati ule sisi tulizoea dhahabu na fedha. Almasi tulisikia tu wanazo wake wa Wazungu. Watu wa mtaa walipanda ngazi zetu kuja kuitazama, wakashuka wakinong'onezana.

"Akil kanipa pesa, nikamwita sonara aje nyumbani," alisema Bi Afaf. "Nimeichagua kwa mkono wangu. Mpya, haijapata kuvaliwa na mtu."

Ilinibana kidogo, lakini nani angesema.

Kisha akanieleza dasturi ya kwao.

"Sisi, mwanangu, jiwe hatulihukumu dukani. Dukani kila jiwe lina maringo. Tunalitazama baada ya kununuliwa, likishakaa kwenye kidole cha mwari. Likizidi kung'aa, basi ndiye. Likififia..."

Alinipapasa kidole kama mtu anayepima kama embe limeiva.

"Na usiivue. Ukitawadha, usiivue. Ukifua, usiivue. Ukiivua hiyo ni kama umemvua mwanangu."

Akatuonyesha wanavyotazama. Kwanza mkono unapelekwa dirishani, juani. Halafu unafunikwa leso, na mtu anachungulia kwa chini. Jiwe zuri, alisema, hata kivulini huwa na cheche.

Nikachungulia. Cheche ilikuwepo, nyeupe, kama jicho la paka ndani ya kabati.

Nikafurahi. Nilikuwa mjinga tu wa furaha.

Baada ya wiki chache nikaona doa.

Dogo, ukingoni mwa jiwe, kama tone la kahawa. Nikalipangusa. Halikutoka. Nikapuliza, nikapangusa tena. Doa lilikuwa ndani.

Kesho yake lilikuwa limekua.

Mnajua mtu akitawadha na pete inayobana huizungusha ili maji yapite chini yake. Basi kila nikitawadha, kila swala, niliizungusha, nikalitazama jiwe. Na kila nikilitazama lilikuwa limekula giza kidogo zaidi. Nikaanza kuogopa kuswali. Hebu fikirini, mtu aogope kuswali.

Mama akaniona naficha mkono.

"Umelipaka nini?"

"Sijapaka kitu, mamangu."

"Kanzu uliyofua jana uliitia rangi?"

"Wallahi sikuitia."

Akasugua kwa ndimu. Akasugua kwa jivu. Akachoma ubani, akanizungusha mkono juu ya moshi mpaka macho yetu yakatoka machozi, na ya Mama yakaendelea kutoka hata moshi ulipokwisha.

Ndipo habari ikaja kwamba Akil analala na homa.

Mtaa wetu ulikuwa mwembamba, dirisha la huku na la kule unaweza kupokezana kikombe. Jirani yetu, Bi Mapenzi, mdomo wake haukuwa na mlango. Akaniita kutoka dirishani kwake.

"Bi harusi, hebu tuonyeshe taa yako. Au mafuta yamekwisha?"

Waliokuwa naye ndani wakacheka. Mmoja akasema, "Mwache, asije akakuzima na wewe."

Nikafunga dirisha. Mkono ulikuwa baridi, na mchana ule ulikuwa wa joto la kukatisha tamaa.

Mama ndiye aliyeniambia. Aliniambia akiwa amenipa mgongo, anakuna nazi.

"Kabla yako alikuwepo mwengine. Mona, bintiye Muhdhar, wa nyuma ya Ngomeni. Akil alimposa. Naye alivishwa pete. Naye jiwe lilizimika."

"Kisha?"

"Wakaja Ijumaa wakaichukua. Tangu siku hiyo hana aliyempigia hodi. Watu humwita Kizima-jiwe. Wanasema ukimwoa, utalifuata jiwe."

Mbuzi ya nazi ikasimama.

"Ijumaa hii wanakuja kwetu," akasema Mama.

Basi nikajua kilichoko mbele yangu. Ijumaa Bi Afaf ataichukua pete, nami nimpoteze Akil, na juu ya hapo nibaki na jina hilo mpaka nizikwe. Na kama Akil atakufa kwa homa, watasema nimemuua mimi.

Baada ya adhuhuri, Mama amelala, nikajitia buibui lake nikateremka ngazi.

Nyumba ya Mona ilikuwa na kiza cha mchana, mlango wake umerudishwa nusu. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka anashona kofia, vitundu vidogo vidogo, sindano inaingia na kutoka bila yeye kuitazama. Nje minyororo ya wafungwa ilikuwa ikirudi.

"Masalkheri, dada."

"Akheri. Wewe ni nani?"

Nikatoa mkono ndani ya buibui.

Sindano ikasimama.

"Lilianzia pembeni," akasema.

"Ndiyo."

"Kama kahawa imemwagika."

"Ndiyo, dada."

"Lete."

"Nimekatazwa kuivua. Akil ni mgonjwa."

"Na mimi nilikatazwa," akasema. "Haya, chagua."

Nikaivua. Ilitoka na ngozi. Nikakaa nimetega masikio, nikingoja kilio kitoke upande wa nyumba ya kina Akil. Minyororo ilipita, ikaisha. Hakuna aliyelia.

Mona akaitia kidoleni kwake. Kidole chake kilikuwa chembamba, nacho pete ilikikaa sawasawa, kama imerudi kwao. Akaivua haraka, akaigeuza ndani, akapitisha ukucha.

"Hii mlinunuliwa lini?"

"Mpya. Kaichagua Bi Afaf mwenyewe kwa sonara."

Akacheka cheko la pua.

"Pete yangu ilikuwa ikinipwaya. Baba akampa sonara aipunguze, akaikata, akaiunga. Pitisha ukucha wako hapa."

Nikapitisha. Palikuwa na kovu.

Tulitazamana. Sijui nilishikwa na nini zaidi, hofu au hasira. Pete ile ile. Ilimzimikia yeye, ikapelekwa, ikarudi inang'aa kwangu.

Mona akaigeuza mgongo. Nyuma ya jiwe palikuwa pamefunikwa kibati cha dhahabu. Akaiinua sindano.

"Jiwe linazibwa mgongo kwa nini? Acha nione lina nini."

"Ngoja," nikamshika mkono. "Tukifungua hapa watasema tumeharibu wenyewe. Njoo Ijumaa. Ufungue mbele yao."

Uso wake ukakunjamana.

"Mbele ya wanawake wale? Unajua nilivyotazamwa siku ile? Nenda zako, mdogo wangu. Wewe umebakiwa na jina, mimi sina la kuongeza."

Nikaivaa pete yangu nyeusi, nikarudi kwetu.

Ijumaa ilifika. Walikuja baada ya alasiri, Bi Afaf mbele, nyuma yake shangazi wawili wa Akil, watu wazima, na kina mama wa mtaa waliojialika. Bi Mapenzi alipata nafasi nzuri, karibu na dirisha. Walikaa kwenye mikeka, na kahawa ya Mama hawakuigusa. Kwetu mgeni asipogusa kahawa, ujue amekuja na jambo.

"Lete mkono, mwanangu," akasema Bi Afaf kwa ile sauti yake ya chini.

Dirishani. Juani. Wakainama wote. Jiwe lilikuwa kama kaa lililomwagiwa maji.

Akanifunika leso, akachungulia. Shangazi mmoja akachungulia, wa pili akakataa.

"Limekufa," akasema Bi Afaf.

Mtu mmoja akasema inna lillahi, kama vile kuna maiti chumbani. Mama akashika ukuta.

"Sina ugomvi na mtu," Bi Afaf akaendelea. "Lakini mwanangu homa haijamtoka. Sitangoja nimzike ndipo niamini. Lete pete."

Akatandaza kiganja.

Nikaangalia mlango. Hakuna mtu. Nikaanza kuizungusha pete itoke.

"Hodi hapa."

Mona alikuwa amesimama juu ya ngazi, anahema, buibui limemteleza kichwani. Wanawake wawili walijisogeza ukutani wasiguswe na nguo yake.

"Karibu," nikasema, maana hakuna mwengine aliyesema.

"Masalkheri, Bi Afaf. Naomba pete hiyo kidogo. Nimeshaizoea."

"Huyu hakualikwa," akasema Bi Afaf, na safari hii sauti yake ilisikika bila mtu kuinama.

Mimi nikampa Mona. Mona akampa shangazi mkubwa wa Akil.

"Shangazi, pitisha ukucha ndani. Baba aliiunga kwa sonara nilipovishwa mimi. Kisha niambie kama pete hii ni mpya."

Bibi yule akapitisha ukucha, mara moja, mara ya pili. Akamtazama wifi yake.

Mona akaichukua, akatoa sindano kwenye ukosi, akachokoa kile kibati cha nyuma. Kilitoka kwa urahisi, kilikuwa kimebandikwa kwa gundi tu. Ndani yake kikaanguka kipande cha karatasi ya bati, ile inayofungiwa majani ya chai. Upande mmoja kilikuwa bado na mng'aro kidogo. Upande uliolala na maji ulikuwa umeoza, mweusi tititi.

Bi Mapenzi akaliacha dirisha, akasogea achungulie.

"Sonara gani anaweka karatasi ya chai?" akauliza shangazi.

Mona akapangusa jiwe kwa pembe ya leso, akalinyanyua dirishani, tupu, halina kitu nyuma yake. Jua la alasiri likaingia ndani yake likatoka limekatika vipande, vyekundu, vya buluu, vikatapakaa kwenye boriti za dari, vikapita juu ya nyuso zetu. Almasi ilikuwa hai. Ilikuwa hai siku zote. Kilichokuwa kikifa ni kile kilichowekwa nyuma yake, na kilikufa kwa maji ya udhu wetu.

"Afaf," akasema shangazi. "Ulikiweka wewe."

Bi Afaf alikitazama kile kipande cheusi juu ya mkeka. Nilidhani atakana. Alikuwa na uso wa kukana.

"Reli wamemwambia akioa watampa nyumba Nairobi," akasema. "Mwenye mke hupewa nyumba. Asiye na mke hubaki hapa." Akakigeuza kile kipande kwa kidole. "Homa yake ni ya kweli, hiyo sikuitia mimi. Hiyo karatasi niliitia mimi. Nilitaka mwanangu asiniache peke yangu na ngazi za nyumbani."



Mona ndiye aliyesema. "Mimi Akil simtaki tena. Hayo yamekwisha. Nimekuja nitake jina langu. Sema mbele ya hawa, sikuzima kitu."

"Hukuzima kitu," akasema Bi Afaf.

"Kwa sauti, mama. Bi Mapenzi asikie."

Akasema kwa sauti. Mona akajifunika buibui lake, akashuka ngazi, na mwaka haukuisha akaolewa na mtu wa Makupa. Lakini hiyo ni hadithi yake.

Wajukuu zangu, nawaambia mnaonisikiliza. Mtu anapohofia kuachwa hatamki kwamba anaogopa. Atatafuta jiwe, atatafuta dalili, ataapa kwamba ni bahati mbaya ya mtu mwengine. Nanyi mkiona ubaya umeanguka juu ya mtu, ligeuzeni jiwe mtazame mgongoni kabla hamjamwogopa. Na mwenye jambo lake moyoni aliseme lingali na faida, maana tulikaa wanawake wote wale chumbani, kila mmoja na lake, na tulikuwa karibu kuiacha karatasi ya chai itusemee.

Basi shangazi akamgeukia Mama, akamwuliza kama pete irudi au ikae. Mama akanitazama mimi, kisha akatazama chini. Kwetu mwari haulizwi. Akinyamaza ndiyo kakubali, akilia ndiyo kakubali, na neno lake husemwa na wengine. Bi Afaf alikuwa amekwisha jifunga buibui, anajiandaa kusimama, ameshakijua kinachokuja.

Sikuwahi kusema neno mbele ya watu wazima ila kuamkia.

"Namtaka Akil," nikasema. "Nilimtaka kabla ya pete."