Mume Mpya Hachezi Winga

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Jumatatu, Blažej Hrabčák anaokota vikombe vya karatasi kwenye uwanja wa kijiji cha Horná Brezina. Jana ilikuwa sikukuu ya mtakatifu wa kijiji, na nyasi zimebaki na kila kitu ambacho watu elfu moja wenye furaha wanaweza kukiangusha, kikiwemo kiatu kimoja cha mwanamke. Anakusanya takataka kando ya mstari wa chaki, anasimamisha chupa nne za maji, kisha anaanza kukimbia.

Mita thelathini kwa kasi, anarudi akitembea. Mita thelathini tena. Goti la kulia limefungwa bandeji na fulana imeshaloa mgongoni.

Jirani mmoja, Mama Veruna, anayetoka kuwalisha sungura wake, anasimama kwenye uzio na kumtazama kwa huruma.

"Kijiji kizima kimelala, vichwa vinawagonga. Wewe nani anakufukuza?"

"Umri, Mama Veruna."

"Huyo hakimbiwi, mwanangu. Mimi alinikamata nikiwa nimekaa."

Blažej anacheka, lakini hasimami. Ana miaka thelathini na minne na kazi yake ni winga wa kushoto. Kwa lugha ya kawaida, ni mtu anayelipwa ili akimbie pembezoni mwa uwanja, amtie aibu beki aliye mbele yake, kisha amimine krosi. Ameifanya kazi hiyo FK Javorčany, ligi ya pili, kwa karibu miaka yote ya utu uzima wake: mechi mia tatu na kumi na moja, mabao thelathini na manane.

Kesho usiku mkataba wake unakwisha. Leo saa sita mchana klabu inataka jibu.

Kwenye mlango wa jokofu nyumbani kwake, chini ya sumaku yenye umbo la kondoo, zipo karatasi mbili. Moja ni ya Javorčany: mwaka mmoja zaidi, euro elfu moja na mia tano kwa mwezi badala ya elfu moja na mia nane, na acheze beki wa kushoto. Nyingine imetoka klabu ya kijiji huko Austria: miaka miwili, acheze winga, na siku za kazi ashike zamu kwenye kiwanda cha mbao. Nyumbani atarudi kila baada ya wiki mbili.

Huku kwetu njia ya Austria inajulikana. Wachezaji wengi miguu inapoanza kuchoka huvuka mpaka, hucheza Jumamosi mbele ya watu mia mbili, hulipwa mkononi na kuitwa mabingwa. Hakuna anayewacheka. Shida ni kwamba Blažej ameoa mwezi wa Aprili tu, na mkewe, Zora, anauza tiketi kwenye stesheni ya treni ya Javorčany, kazi ambayo haihamishiki.

"Nilimwambia achague mwenyewe," anasema Zora. "Sikuolewa na miguu yake. Lakini sikuolewa na simu pia."

Habari ya kuhamishwa nyuma aliipata mwezi Mei, siku moja baada ya mechi ya mwisho ya msimu. Kocha Imrich Sedmák, mtu mfupi asiyejua kupamba maneno, alimwita ofisini na kumwekea karatasi mezani. Ilikuwa na namba mbili. Akiwa na miaka ishirini na minne, Blažej alikimbia mita thelathini kwa sekunde tatu nukta tisa. Majira haya ya kuchipua, nne nukta nne.

"Nusu sekunde tu, Kocha."

"Nusu sekunde ndiyo tofauti ya krosi na kona. Nataka ucheze beki."

"Mimi ni winga."

"Ulikuwa. Mbona unanitazama kama nimekuulia mbwa? Nimekupa kazi."

Blažej alitoka bila kufunga mlango. Kwa siku tisa hakumwambia Zora chochote. Alikuwa akirudi, anakula supu yake ya kabichi, anasifu jibini, anakwenda kufyeka nyasi ambazo hazikuhitaji kufyekwa. Siku ya kumi Zora alikuta barua ya Austria ndani ya mfuko wa suruali iliyokuwa inaingia kwenye mashine ya kufulia.

"Beki ni mtu aliyeshindwa kuwa kitu kingine. Ndivyo tulivyokuwa tunasema sisi mawinga," anakiri Blažej, akiwa amekaa sasa kwenye benchi la akiba, akinywa maji. "Miaka kumi na tano niliwacheka watu hao. Nilijua watakavyonicheka na mimi."

Alikulia nyumba ya tatu kutoka uwanjani hapa. Akiwa na miaka kumi na mitano alianza kupanda basi la saa kumi na moja alfajiri kwenda chuo cha soka cha Javorčany, begi la shule mgongoni na begi la njumu mapajani. Msimu mmoja alikwenda Poland, akarudi na mafua na hela kidogo. Misimu miwili alicheza ligi kuu. Aliwahi pia kuitwa kwenye kambi ya vijana ya taifa, akakaa benchi mechi mbili.

"Chakula kilikuwa kizuri," anasema, na hapo ndipo mtu anapomwelewa: si mlalamishi. Maisha yamempa alichoyaomba, ila halikuwemo ombi la kubadilishiwa nafasi.

Kisha ikaja siku ya jana.

Jumapili ya sikukuu, baada ya misa na baada ya chakula cha mchana, waliooa wa Horná Brezina hucheza mpira na makapera. Hakuna kombe. Wanaofungwa huosha vyombo vya kijiji kizima, na sufuria za sikukuu si sufuria za mchezo. Kwa miaka kumi na sita Blažej aliwachezea makapera, winga ya kushoto, na katika miaka hiyo waliooa waliosha vyombo mara kumi na mbili.

"Kila misa nilimwombea apate mchumba," anasema Gejza Tomko, msimamizi wa msitu mwenye miaka sitini na mmoja na kitambi cha kuheshimika, nahodha wa waliooa. "Wala si kwa faida yake. Nilikuwa nayaombea magoti yangu."

Aprili sala zikajibiwa. Lakini waliooa wana sheria yao, na hakuna anayekumbuka nani aliitunga: mume aliyeoa karibuni kuliko wote hukaa nyuma kabisa, upande wa kushoto, na haruhusiwi kuvuka mstari wa katikati mpaka atimize mwaka wa ndoa. Mume mpya hulinda nyumba. Akivuka, ananunua pipa la bia.

Blažej aliamini sheria hiyo ni ya watu wengine. Alipoambiwa jina lake limeandikwa wapi, alimfuata nahodha wake.

"Mjomba Gejza, mimi ndiye mtu pekee hapa ninayelipwa kucheza."

"Hapa unalipwa supu. Nenda nyuma."

"Mtaosha vyombo."

"Tumezoea. Nenda nyuma, bwana harusi."

Dakika ishirini za kwanza, kwa maelezo ya kila aliyekuwepo, alicheza kama mtu anayesubiri basi. Alisimama, mikono kiunoni, akatazama wenzake wakihangaika huko mbele. Makapera wakapata mabao mawili, na Tadeáš, fundi umeme wa miaka ishirini na miwili aliyerithi winga yake, akapata mdomo.

"Kaka Blažej, shemeji amekuruhusu kutoka jasho?"

Kisha Tadeáš akamjia tena na mpira. Akashusha bega la kulia, akatupa jicho kwenye kibendera cha kona, na Blažej, bila hata kufikiri, akanyoosha mguu upande wa pili na kuchukua mpira. Mara ya pili, hivyo hivyo. Mara ya tatu kijana alisimama katikati ya uwanja akauliza kwa uchungu wa kweli.

"Unajuaje, lakini?"

"Chenga hiyo nilikuwa naipiga wakati wewe unajifunza kufunga kamba za viatu. Leta nyingine."

Hakuwa nayo. Mpaka mapumziko mpira haukupita tena upande ule, na waliooa wakarudisha bao moja. Kipindi cha pili wakarudisha la pili. Mashabiki waliokuwa wamegeukia soseji wakaanza kugeukia mpira.

"Kwanza nilidhani ni bahati," anasema Blažej. Anaongea polepole, na ni mara ya kwanza asubuhi hii anaacha kutania. "Halafu nikaona kwamba najua kila kitu kabla hakijatokea. Miaka yote nilicheza nikiwa na chaki upande mmoja na beki mbele ya pua yangu. Nilikuwa naona kipande. Jana uwanja wote ulikuwa mbele yangu, na nikaupenda. Niliona aibu kidogo kuupenda."

Zikiwa zimebaki dakika tano, mbili kwa mbili, akamnyang'anya Tadeáš mpira kwa mara ya mwisho. Mbele yake nyasi zilikuwa wazi mpaka mstari wa katikati, na ng'ambo ya mstari zilikuwa wazi vilevile.

"Pipa hilo! Pipa!" wanawake wakamwonya toka kwenye meza za keki.

Akavuka. Alikimbia zaidi ya mita sitini na hakuna aliyemgusa, kwa sababu makapera wote walikuwa wakiwatazama waliooa waliokuwa mbele. Akamimina krosi kwa mguu wa kushoto, mpira ukagonga kitambi cha Gejza Tomko na kuingia wavuni. Gejza anasema alikusudia. Mtu hapaswi kubishana na nahodha aliyeshinda.

Ng'ombe hazeeki maini, walisema wahenga, na wazee wa Horná Brezina waliliimba jambo hilohilo kwa njia yao mpaka jua likazama, wakinywea pipa la Blažej. Makapera waliosha vyombo. Zora, aliyekuwa akipakua maandazi ya viazi yenye jibini ya kondoo, anasema aliona kitu kimoja tu.

"Alikuwa anacheka peke yake, kule nyuma, hata kabla ya bao. Tangu Mei sikuwa nimemwona akicheka peke yake. Sikusema kitu. Ningesema, angejua nilichokuwa nataka, na angefanya kwa ajili yangu. Sikutaka hivyo."

Kilichomkaa Blažej kichwani ni zile mita sitini.

"Winga anasubiriwa. Kabla sijagusa mpira watu wawili wanajua ninakokwenda. Anayetoka nyuma hakuna anayemhesabu. Ile nusu sekunde ya Kocha ni kweli, imepotea, sitaipata. Lakini nikianzia nyuma siihitaji."

Saa sita kasoro dakika kumi anaingia ofisi ya klabu akiwa na fulana ileile ya asubuhi. Kocha Sedmák yuko mezani, anamenya yai. Huko Horná Brezina hakufika. Jambo pekee alilomwambia mchezaji wake kuhusu mechi ya kijiji ni kwamba akivunjika mguu, yeye hakumwona.

"Haya," anasema Kocha. "Austria au hapa?"

"Nikicheza beki, mstari wa katikati naruhusiwa kuvuka?"

Sedmák anamtazama kama mtu anayetafuta mtego.

"Vuka unavyotaka. Ukichelewa kurudi ndipo tutagombana."

"Basi kalamu iko wapi?"

Anasaini kurasa tatu, ya mwisho ikiwa na alama ya kidole cha Kocha chenye chumvi ya yai. Kocha anampa mkono, kisha anarudi kwenye yai lake. Mazoezi yanaanza Alhamisi saa tatu. Hakuna picha iliyopigwa, na nje ya ofisi mtunza uwanja anaendelea kumwagilia kama vile hakuna kilichotokea.

Mipango yake Blažej anaieleza akitembea kwa miguu kuelekea stesheni. Anataka kufikisha mechi mia tatu na hamsini. Zimebaki thelathini na tisa, na zote, Mungu akipenda, atazicheza akiwa beki wa kushoto. Itabidi Kocha ampe mwaka wa pili, na anajua atalazimika kuustahili. Anataka kuezeka upya nyumba ya bibi yake kabla ya theluji. Jioni za majira ya baridi atasomea ukocha wa watoto. Mshahara umepungua, hafichi, lakini kila jioni atakula mezani kwake. Mcheza kwao hutunzwa, na siku nyingine matunzo yenyewe ni sahani ya moto na mtu wa kukaa naye.

Saa sita na nusu, dirisha la tiketi la Javorčany lina foleni ya watu watano. Blažej hapiti pembeni. Anajipanga nyuma ya bibi mwenye kikapu cha cheri, anasubiri zamu yake. Zora anamwona kupitia kioo, anaendelea kuhudumia, ila chenji ya bibi anaihesabu mara mbili.

"Unakwenda wapi?" anamuuliza mumewe anapofika dirishani.

"Siendi. Nimesaini."

"Wapi?"

"Hapa."

Kwa miaka tisa Zora hajawahi kufunga dirisha hilo nje ya saa yake. Leo anashusha pazia, anageuza kibao kinachosema atarudi baada ya dakika tano, na nyuma ya pazia anasikika akilia bila kujizuia hata kidogo. Blažej anafungua mlango wa pembeni na kuingia.

Foleni inanung'unika. Mzee mmoja mwenye fimbo, anayewahi treni ya Žilina, anagonga kioo.

"Jamani, kuna nini humo ndani? Huyo si yule winga?"

Mlango unafunguka kidogo. Blažej anachungulia, macho mekundu, uso umechanua.

"Tuvumilie kidogo, mzee," anasema. "Na siyo winga. Mimi ni beki."