Mtamba Aliyelamba Rangi ya Nyumba

Saa mbili asubuhi jenereta ya mgodi wa bati inaanza kunguruma, na Protase Rwegasira anajifunga kitambaa puani na mdomoni. Anaishika mashine ya msasa kwa mikono miwili, anaikandamiza ubaoni, na rangi nyeupe ya miaka ishirini inaanza kupukutika. Chini yake mbao ni nyekundu, nzima kabisa.

Nyumba hii ya karani wa mgodi, nje kidogo ya Songambele, ina kuta za mbao pande zote nne. Protase amemaliza tatu. Kabla ya kuwasha mashine hutandika maturubai chini, na jioni huyakunja polepole, kama mtu anayembeba mtoto aliyelala. Asiyemjua atadhani fundi huyu ana maringo.

"Mwezi wa tatu nilikuwa sitandiki kitu," anasema. "Unga wa rangi unamwagika kwenye nyasi, mimi napiga mluzi."

Protase ana miaka thelathini na miwili, ni seremala kutoka Muleba, na mgodi unamlipa kwa siku. Mkewe, Kemigisha, ni binti wa wafugaji. Walipooana, baba yake, Mzee Felisiani, aliwapa mtamba mmoja mwekundu. Kaka zake Kemigisha walicheka waziwazi. Walisema fundi wa mbao atamfunga ng'ombe kwa misumari.

Mtamba huyo alikuwa akilishwa kando ya nyumba ya karani, kwa ruhusa. Siku moja Protase alimwona akilamba ule unga mweupe, tena kwa bidii. Huku wafugaji huswaga ng'ombe mwendo mrefu kutafuta udongo wa chumvi, na yeye akaona chumvi imewafuata nyumbani.

"Nilisimama nikamtazama, nikamwacha alambe. Hata nilifurahi. Nikasema, mkwe wangu akija atamkuta amenenepa."

Siku ya nne mtamba alikuwa anagonga kichwa kwenye nguzo za zizi na kusaga meno. Alikuwa haoni. Majirani walisema amekula jani baya, na Protase akakubali. Lakini tumbo lake mwenyewe lilikuwa likimsokota kwa wiki mbili, naye akaanza kuunganisha mambo.

Alifunga ganda la rangi kwenye karatasi akatembea hadi kwa bwana mifugo. Huko aliambiwa kwamba rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi. Ni sumu kwa mtu na mnyama, na ubaya wake ni kwamba ng'ombe huiona tamu. Akapewa chumvi ya haluli ya kumnywesha mtamba, aharishe sumu.

"Bwana mifugo aliniambia, wiki mbili zikipita bila mtamba kuona, nisitegemee tena."

Kemigisha alimnywesha kwa chupa asubuhi na jioni. Siku ya kumi na moja alipita zizini na maganda ya ndizi, na mtamba akageuza kichwa, macho yakimfuata.

"Nilikaa chini palepale," anasema Kemigisha. "Nikalia, halafu nikacheka peke yangu."

Likabaki la mkwe. Mzee Felisiani alifika baada ya Pasaka, na Kemigisha akamnong'oneza mumewe: "Baba Deodatha, si ameshapona? Si lazima umwambie." Protase alimwamkia mkwewe shikamoo, akasema yote, pamoja na ile furaha yake.

Mzee alimzunguka mtamba, akapitisha mkono mbele ya macho yake. Kisha akasema, "Hata mimi ningemwacha alambe."

"Nilihisi nimetua gunia la kahawa," anasema Protase, na hata sasa anashusha pumzi.

Siku hizi haendi nyumbani na nguo za kazi, wala hambebi binti yake Deodatha kabla ya kuoga. Tumbo limetulia. Udongo wa juu kuzunguka nyumba ameukwangua wote, akaufukia kwenye shimo refu kuliko yeye, na juu yake amepanga mawe.

Upande wa nne utaisha Ijumaa. Mzee Felisiani ameahidi mtamba wa pili, ila hatampeleka zizini kwanza. Amesema atamleta mpaka ukutani hapa, amfungue kamba, watu wote waone atalamba nini.

Jenereta inazimwa. Protase anapiga magoti, anachambua nyasi kwa vidole, anapata kipande cha rangi kidogo kuliko ukucha. Anakitia kwenye mkebe na kufunga kifuniko.

"Akila nyasi tu," anasema, "shemeji zangu watatafuta la kucheka lingine."