Kompyuta Niliyoing'oa Mtandao

Mwaka jana, nikiwa kidato cha tatu, mjomba wangu anayefanya kazi Lindi aliniletea laptopu yake ya zamani. Mimi ni mtu wa aibu. Mgeni akipiga hodi nakimbilia jikoni. Mambo yangu nayaandika tu, na siku zile nilikuwa na jambo zito: ustadhi wa madrasa alinichagua nisome mlango mmoja wa Maulidi mbele ya watu wote, na mimi nilikuwa nimepanga kuugua malaria siku hiyohiyo.

Mpango kama huo haufai kuvuja. Mwalimu wa kompyuta alishatuambia kwamba kompyuta salama kuliko zote ni ile isiyounganishwa na kitu chochote, maana mwizi wa mtandaoni hana pa kuingilia. Wenzangu walisinzia. Mimi nilinakili.

Nikaipeleka kwa fundi simu pale stendi.

"Naomba uing'oe wifi," nikasema nikitazama meza yake.

"Imekufa?"

"Hapana, nzima."

Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Mdogo wangu, watu wananililia hapa niwape wifi. Wewe una siri gani, za jeshi?"

Nilitamani ardhi inimeze, lakini akaing'oa.

Nyumbani nikaendelea. Kamera nikaibandika plasta ya kidonda. Matundu ya flashi nikayamiminia nta ya mshumaa. Kaka yangu alikuja na flashi yake ya sinema, akaizungusha laptopu pande zote, akauliza, "Hii kompyuta au jiwe la kusagia?" Hata umeme niliuogopa: nikichaji, naizima kwanza. Nani ajuaye kinachopita kwenye ule waya?

Kila siku baada ya Alasiri nilijifungia chumbani na kuandika mpango wangu. Nitaanza kutetemeka asubuhi. Nitakataa chai. Nitalala kifudifudi chini ya mablanketi mawili.

Siku ilipofika nikatetemeka vizuri sana. Bibi yangu, ambaye chumba chake kimepakana na changu, akaingia na bakuli la mwarobaini linalofuka moshi.

"Shikamoo, bibi," nikasema kwa sauti ya mgonjwa.

"Marahaba. Chai umekataa?"

"Sina hamu, bibi."

"Najua. Sasa bado kulala kifudifudi. Na blanketi la pili liko wapi, umesahau?"

Malaria ikanitoka palepale.

"Bibi, nani kakwambia? Ile kompyuta haina hata mtandao!"

"Mtandao ndiyo nini? Umenisomea mwenyewe wiki nzima. Unaandika kama mnavyosoma madrasa, kila neno ulitamke, kila mstari mara tatu. Na ukuta wenyewe huu wa udongo. Hata jirani anaujua mpango wako. Anasema ungeanza na kutapika."

Ni kweli. Tangu nina miaka mitano nimefundishwa kwamba asiyetoa sauti hasomi, na fimbo ilikuwa karibu. Sikuwahi kujua kwamba vidole vikiandika, mdomo nao unafuata.

Bibi akanisogezea bakuli. "Haya chagua. Unywe hii mpaka chini, au uvae baibui."

Nikaonja. Nikavaa baibui.

Kwenye Maulidi nilisoma nikitazama vidole vya miguu yangu, mbio mbio, mpaka ustadhi akawa ananipungia mkono kama anayesimamisha basi. Sikusimama. Nilimaliza kabla watu wa nyuma hawajapata pa kukaa.