Sakafu Iliyonyweshwa Nusu

"Nguzo ya daraja iliyo katikati ya mto, ilikauka lini?"

Fundi aliniuliza hivyo akiwa amechuchumaa kwenye sakafu ya nyumba mpya ya mama, pale kijijini Katelembo. Mimi nilisimama na digrii yangu na mikono kiunoni.

Nilikuwa nimemwuliza kwa nini tuinyweshe sakafu. Ndivyo wanavyosema kwenye mjengo: simiti ikishamwagwa, inanyweshwa asubuhi na jioni kwa siku saba. Maneno yake mengine niliyaandika kwenye daftari bila ubishi. Hadikoo, mawe ya kujaza msingi. Linta, boriti inayolala juu ya mlango. Lakini hili la kunywesha liliniudhi. Kitu unataka kikauke, halafu unakimwagia maji? Tena huku kwetu, ambako maji huja mgongoni mwa punda na mtu hunawa uso kwa kikombe?

"Injinia, wewe nywesha tu," fundi alisema kwa utani. "Ukichoka kuuliza, mtungi uko hapo."

Akaenda kazi nyingine, arudi baada ya wiki. Mama naye alikuwa Athi River, akishona nguo kiwandani miezi yake ya mwisho kabla ya kustaafu. Miaka yote hiyo aliishi chumba cha kupanga, na nyumba hii ndiyo ingekuwa ya kwanza ambamo hakuna mtu wa kumkataza kupiga msumari ukutani. Kila mchana alinipigia simu.

"Mwiitu, binti yangu, umeinywesha?"

"Nimeinywesha, mama."

Ilikuwa kweli nusu. Siku ya pili nilikuwa nimeanza jaribio. Nilivuta kamba ya katani katikati ya sakafu. Upande wa barabara niliunywesha na kuufunika kwa magunia, kama nilivyoagizwa. Upande wa shamba niliuachia jua. Nilijiambia huo si uvivu, ni utafiti. Punda alipumzika, nami nikaoga vizuri.

Kwa siku mbili upande wa shamba ulikuwa ukishinda: mweupe, mgumu, safi. Siku ya tano nikaona nyufa nyembamba kama za sahani ya zamani. Nikamwaga mitungi mitatu kwa mkupuo. Hazikuziba.

Fundi aliporudi alitoa msumari mfukoni. Akakwaruza upande wa barabara, haukuacha alama. Akakwaruza upande wa shamba, ukatoka unga. Akaupuliza, kisha akaitazama kamba, ambayo nilikuwa nimesahau kuiondoa.

"Maji ya huku alikuwa anayanywa nani?"

"Mimi."

Alicheka mpaka akaketi. Halafu akaacha kucheka. "Nguzo ya mtoni haijawahi kukauka, injinia. Simiti inaiva, na inaivia kwenye maji. Hii yako uliipakua mbichi."

"Nyumba itaanguka?"

"Haianguki. Lakini mama yako atafagia unga mpaka achoke."

Nilimwomba asimwambie mama, nitamwambia mwenyewe. Alipaka tabaka jembamba juu, akasema litashikilia kwa muda. Kuta zikapanda, mabati yakafika, nami sikusema kitu.

Mama alihamia Desemba, akatugawia vyumba. Yeye alichukua cha upande wa barabara. Mimi nikapewa cha upande wa shamba, kwa sababu, alisema, kuna hewa nzuri na mtu aliyesoma anahitaji utulivu. Nilimshukuru. Moyoni nilishukuru zaidi kwamba bahati ilikuwa imemwepusha na kosa langu. Lile tabaka lilibanduka kabla ya Pasaka, na tangu hapo kila asubuhi nilifagia kilima kidogo cha unga mweupe, nikakitupa dirishani kabla hajaamka.

Mwaka jana tu, tukichambua mboga, ndipo aliponiambia kwamba fundi alimpigia simu jioni ile ile aliyokwaruza sakafu, na kwamba aliamua nani atalala wapi kabla tofali la kwanza la ukuta halijawekwa.