Mifarishi ya Mama Ukutani

Mtu akiniambia siku hizi kwamba ataniletea kitu "kikiwa safi," damu inanichemka. Nina sababu.

Mama yangu alianza kushona mifarishi ya kujifunika kabla mimi sijazaliwa. Alikuwa akichukua leso zilizochakaa, akazikata vipande, akaviunga kwa mkono, akatia pamba, kisha akapitisha uzi juu mpaka vyote vishikane. Tuko sita, na kila mmoja wetu alipata wake siku ya arusi. Hakuuza hata mmoja maishani mwake. Mwaka jana macho yake yakaanza kuingia ukungu, na sindano akaiweka chini. Mimi nikaapa kwamba kabla hayajafungika kabisa ataiona kazi yake yote pamoja, kwenye ukuta mmoja, angalau mara moja.

Kuta za nyumba zetu hapa Amu ni za mawe na chokaa. Ukigonga msumari, chokaa inamwagika chini na msumari unabaki kuning'inia. Isitoshe zina chumvi, nguo ikizigusa siku chache inashika madoa. Basi nikatafuta fito, nikapanga kushonea ukanda nyuma ya kila mfarishi, nipitishe ufito ndani yake, na kuufunga kwa kamba kwenye boriti za dari. Kwa kuzichonga fito tu, mikono iliniuma wiki nzima.

Ndugu zangu niliwapigia simu mmoja mmoja. Nikawaambia: leteni mifarishi kama ilivyo. Kama ilivyo! Sijui nilisema Kichina. Kwetu nguo ya kitandani haitoki mlangoni na jasho la mtu, ni aibu, na hilo nililisahau.

Wa kwanza ulitoka kwa dada yangu wa Kililana. Nilipofungua mfuko nikapigwa na harufu ya sabuni. Alikuwa ameufua kwa maji moto, wekundu umevujia kwenye weupe, pamba imefanya madonge. Nikaketi chini. Wa pili akauleta wifi yangu kutoka Chundwa, mke wa kaka yangu. Yeye aliuroweka kutwa kwenye dawa ya madoa, akauanika juani, akaufukiza udi.

"Nimeutoa taka zote, wifi," akaniambia, anatabasamu.

"Si nilikwambia uulete kama ulivyo?"

"Ukautundike ukutani na jasho la kaka yako, wageni watazame? Mimi sina adabu?"

Nikaupokea. Kikulacho ki nguoni mwako. Yote mitano ilikuja hivyo hivyo, imefuliwa, imepauka, inanukia, na kila aliyeleta alingoja nimshukuru. Niliwashukuru, meno nimeyauma.

Ulionusurika ni wangu. Tangu arusi yangu ulikuwa sandukuni na dawa ya nondo, rangi zake kama jana. Nikautundika katikati kabisa, nikajiambia: huu angalau atauona.

Ijumaa, baada ya sala, nikamshika Mama mkono nikamwingiza sebuleni. Nilimwekea kiti mbali kidogo ili aione yote kwa pamoja. Hakukitaka. Alikwenda moja kwa moja ukutani akaanza kuipapasa, uso umekaribia kugusa nguo.

"Huu wa Kililana," akasema. "Hapa pamelika. Ndipo walalapo wana." Akacheka. Akasogea. "Na huu wa Chundwa. Umepasuka, wifiyo meutia kiraka kwa uzi wa nyavu, masikini. Mekaza vyema."

Alikwenda hivyo, mmoja baada ya mwingine, akigusa madonge na viraka, anacheka peke yake. Madoa yaliyonitoa machozi hakuyataja. Mimi nipo nyuma yake na hasira zangu, nangoja afike katikati.

Akafika. Mkono ukasimama.

"Huu wa nani?"

"Wangu, Mama."

Akaupapasa tena, kutoka juu hadi chini, kama anayetafuta kitu kilichopotea. Kisha akaurudia.

"Mgumu. Haukulaliwa hata siku moya."

Nikamweleza kwamba niliutunza. Nikamwambia niliogopa usichakae, kwa kuwa ni kazi ya mikono yake. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kiganja chake bado kiko juu ya nguo.

"Miaka yote hiyo, mwanangu," akauliza, "ulikuwa ukijifunika nini?"

Nikamwambia kweli. Blanketi la dukani.